Askari Majeruhi, Walemavu na Maji ya Bahari

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Muthangari, kwa niaba ya Kamati ya Wasiojiweza



Mtakumbuka ya kuwa katika Mkutano wa mwaka uliopita, baada ya hesabu kusomwa na mjadala wa ada ya mazishi kwisha, mwanachama mmoja aliomba ruhusa ya kusema. Ndugu huyo alikuwa askari. Alikwenda Somalia baada ya majeshi yetu kuvuka mpaka mwezi wa Oktoba 2011, akarudi na mguu mmoja. Alisimama kwa magongo yake, akakishukuru Chama kwa msaada kilichompa yeye na jamaa yake, kisha akauliza: je, Chama chaweza kumsaidia kujifunza kupiga mbizi baharini?

Baadhi ya watu walicheka. Hatusemi hivi ili kumwaibisha mtu, maana hata miongoni mwetu tunaosoma taarifa hii wamo waliocheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mmenipa magongo, nami nashukuru. Lakini tangu siku ile hakuna aliyenipa jambo la kujifunza." Kisha akaketi.

Mkutano ukaamua kwamba jambo hilo lisitupwe, bali sisi wa Kamati tulichunguze na kuleta majibu. Tumelichunguza kwa mwaka mzima. Maswali tuliyojiuliza ni mawili. La kwanza, je, yawezekana mtu aliyekatika mguu, au aliyepooza, au asiyeona, au asiyesikia, kuzama chini ya maji na kurudi salama? La pili, je, yafaa Chama kidogo kama chetu, chenye kuishi kwa ada za wanachama, kujishughulisha na jambo hilo hali wako wanaongojea viti vya magurudumu?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuitaje hoja ya wazee wetu, maana hoja ya mzee haijibiwi kwa kicheko. Mzee mmoja alituambia ya kwamba sisi ni watu wa bara, tena bahari imekwisha kuwala watoto wa nchi hii vya kutosha. Tulimwuliza ana maana gani, naye akatutajia meli. Tulikwenda kutafuta habari zake, nazo ni kweli. Meli ya *Khedive Ismail* iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa imewachukua watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, waliokuwa wakipelekwa katika vita vya Burma. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama katika muda wa kama dakika mbili. Waliokufa walikuwa 1,297. Habari za namna hii haziishi upesi katika jamaa. Mzee aliyesikia utotoni kwamba fulani alikwenda Mombasa akamezwa na maji, hawezi kulaumiwa akiogopa.

Lakini katika kutafuta habari hiyo tulikuta nyingine ya mwezi ule ule. Tarehe 1 Februari 1944, siku kumi na moja kabla ya meli ile kuzama, Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Zamani hizo mtu aliyepooza miguu kwa jeraha la mgongo alilazwa tu, akaoza vidonda, akapata maradhi ya njia ya mkojo, na mara nyingi akafa baada ya muda mfupi. Daktari huyu aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani usiku na mchana, waketishwe, wapewe kazi, na hatimaye wapewe michezo. Wako waliomwona kuwa anawatesa watu waliokuwa wakingojea kufa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwashindanisha watu 16, wanaume na wanawake, kwa kulenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vyao. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa michezo iitwayo leo Paralimpiki. Ilifanyika Roma mwaka 1960, na Kenya ikaingia kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg, Ujerumani.

Hapa kwetu Nairobi, hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, ambayo haiko mbali na Muthangari, nayo asili yake ni nyumba ya kuwauguzia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili. Chama cha Kitaifa cha Walemavu wa Viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, nacho kina makao katika Barabara ya Waiyaki, ambako pia lina makao Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Basi Muthangari si mahali pageni katika habari hizi. Tunapita mbele ya milango hiyo kila siku tuendapo mjini.

Ndugu Wanachama, katika Kenyatta Avenue ziko sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na chini yake yameandikwa maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Ni heshima njema kwa waliokufa. Nasi tunauliza heshima ya waliorudi ni ipi, na hasa waliorudi bila ya viungo vyao. Wala hatusemi juu ya askari peke yao. Siku hizi vita si kitu pekee kivunjacho migongo. Barabara zetu zavunja, pikipiki zavunja, na mafundi huanguka kutoka kwenye majengo. Wako pia waliopooza kwa polio tangu utotoni, na waliozaliwa bila ya kuona au kusikia. Kila tutakalosema juu ya askari, tunalisema juu ya hao wote.

Sasa twende kwenye swali la kwanza.

Mzamiaji wa siku hizi huvaa mtungi wa hewa mgongoni, na hewa humjia kwa mpira mpaka kinywani. Kiunoni hufunga risasi za uzito kidogo, na kifuani huvaa fulana iwezayo kutiwa hewa na kutolewa hewa. Akiitia kiasi kinachofaa, mtu hazami wala hapandi. Hukaa katikati ya maji kama samaki. Hapo ndipo penye siri yote. Juu ya nchi kavu uzito wa mwili wauelemea mguu, na asiye na mguu huelemewa na gongo, au na kiti, au na mtu anayemsukuma. Ndani ya maji uzito huo hubebwa na maji yenyewe. Aliyepooza miguu huenda kwa mikono, na wako wanaovaa glavu zenye utando kati ya vidole, mfano wa mguu wa bata. Aliyekatika mguu mmoja hujifunza kuusawazisha mwili wake asizunguke. Wala ngazi hakuna huko chini, wala mlango mwembamba.

Ama kuhusu wasiosikia, tulijifunza jambo lililotufurahisha. Chini ya maji hakuna awezaye kusema, kwa sababu kinywa kimeshika mpira wa hewa. Wazamiaji wote huzungumza kwa mikono, na ishara zao ni chache: nenda juu, nenda chini, sina hewa, niko salama. Lakini watu wawili wanaojua Lugha ya Ishara ya Kenya waweza kuzungumza huko chini habari yoyote wanayoitaka. Mahali hapo, anayesikia ndiye bubu. Na asiyeona huongozwa kwa kushikwa mkono, na huambiwa mambo kwa alama za kuguswa zilizopatanwa mapema.

Mambo haya si ndoto. Mwaka 1981 Jim Gatacre alianzisha huko California chama cha kuwafundisha walemavu kupiga mbizi, kiitwacho Handicapped Scuba Association. Chama hicho huwapima wanafunzi kwa yale wawezayo kuyatenda majini, si kwa jina la ulemavu wao, kisha huwapanga katika daraja tatu. Wa daraja la kwanza huzama na mwenzake mmoja. Wa daraja la pili huzama na wenzake wawili. Wa daraja la tatu naye huzama na wawili, lakini mmoja wao ni lazima awe amefunzwa kuokoa watu. Mwaka 2007 kazi kama hiyo ilianzishwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, kwa askari waliojeruhiwa Iraki na Afghanistan, na huko Uingereza pia askari majeruhi hufundishwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwachunguza askari wa zamani 10 wenye majeraha ya mgongo waliojifunza kupiga mbizi katika visiwa vya Cayman. Walieleza kwamba ukakamavu wa misuli ulipungua, ngozi ikahisi mguso kuliko kwanza, na hofu zile za vita zimjiazo mtu usiku zikapungua sana. Twawasihi msiyachukue maneno haya kupita kiasi chake. Watu kumi ni wachache, na hapana mtu aahidiwe kwamba atatoka majini akitembea. Yeyote atakayemwambia mlemavu hivyo kwa jina la Chama hiki, ametudanganya sisi na yeye pia.

Jibu la swali la kwanza, basi, ni ndiyo, yawezekana. Lakini kuna hatari, nasi hatutazificha.

Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu ufukoni. Masikio huuma yasiposawazishwa, na mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka haruhusiwi kuzama. Mtu akiizuia pumzi yake hali anapanda juu, mapafu yaweza kupasuka. Aliyepoteza hisia miguuni aweza kukatwa na matumbawe asijue, na kidonda chake kisipone upesi. Aliyevunjika mgongo sehemu za juu hupoteza joto haraka, na shinikizo la damu yake laweza kupanda ghafla. Kwa sababu hizi hapana atakayeingia bila ya cheti cha daktari ajuaye mambo ya mbizi, wala bila ya mwalimu aliyefunzwa kuwafundisha walemavu.

Tena iko hatari moja ituhusuyo sisi wa Muthangari kuliko watu wa pwani. Mtu azamaye huingiza gesi ya naitrojeni katika damu na nyama za mwili wake, na gesi hiyo hutaka muda ili itoke. Akipanda mahali pa juu upesi, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Ndiyo sababu wazamiaji hukatazwa kupanda ndege mara baada ya kuzama. Nasi tunakaa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na tangu mwaka 2017 garimoshi jipya hutupandisha kutoka Mombasa hadi Nairobi katika saa chache. Basi atakayezama asubuhi asipande gari jioni. Atalala pwani, akae mchana kutwa, alale tena, ndipo arudi nyumbani. Jambo hili litaongeza gharama ya malazi, nasi tumelitia katika hesabu.

Upande wa pwani Mungu ametujalia. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na kusini, karibu na Shimoni na kisiwa cha Wasini, iko ya Kisite-Mpunguti. Humo matumbawe na samaki wamehifadhiwa, na mahali pengi maji si ya kina kirefu, kiasi cha kumfaa mwanafunzi. Pepo za kusi zikivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, bahari huchafuka. Wakati mwema ni wa kaskazi, tangu Oktoba mpaka Machi. Tungeomba pia ushauri wa wavuvi wa huko, ambao wameyajua maji hayo kabla ya mtungi wa hewa kubuniwa.

Bwana Mwenyekiti, hatukutaka kuleta maneno ya vitabu peke yake. Shule moja jirani ilitukubalia bwawa lake la kuogelea kwa asubuhi kadhaa za Jumamosi. Hapakuwa na mitungi ya hewa; ilikuwa ni kujifunza kuelea na kupumua tu. Walikuja watano: askari wetu, vijana wawili waliopooza, binti mmoja asiyesikia, na bwana mmoja asiyeona.

Twakiri kwamba siku ya kwanza tulikosea. Hatukutandika mkeka ukingoni. Kijana mmoja aliburuta mguu wake juu ya saruji, kidole kikachubuka, naye hakujua mpaka tulipoiona damu. Kosa lilikuwa letu, si la shule wala la mwalimu. Tangu siku ile hapakuingia mtu kabla ya mkeka kutandikwa na miguu kuvikwa soksi nene. Bwana asiyeona alikuja mara mbili, kisha akasema maji si kitu chake, nasi tukamshukuru. Si kila mtu apendaye maji, na mlemavu naye ana haki ya kukataa.

Askari wetu alizunguka duara asubuhi nzima kwa sababu ya mguu mmoja, akicheka mwenyewe. Jumamosi ya tatu alilivuka bwawa. Binti asiyesikia alimfundisha mwalimu ishara, hata wakaanza kuagizana kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine bila ya kelele. Na yule kijana wa kidole alipotolewa majini siku ya mwisho, mama yake alituambia ya kwamba kwa miaka minne hakupata kumwona mwanawe akienda mahali bila ya kushikwa na mtu. Hatuna la kuongeza juu ya maneno ya mama huyo.

Sasa swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Mweka Hazina wetu alituambia waziwazi: fedha za kumpeleka mtu mmoja baharini, kumpa mwalimu na malazi, ni fedha ambazo zingeweza kumsaidia mwingine kupata kiti cha magurudumu. Amesema kweli, nasi hatuwezi kulizunguka jambo hilo. Anayetambaa sakafuni kwa kukosa kiti asingojee kwa ajili ya safari ya mtu mwingine.

Lakini tunaomba mfikiri pia kwamba msaada wetu kwa miaka mingi umekuwa wa aina moja. Tumetoa unga, blanketi, magongo na nauli ya hospitali. Vyote ni vyema, na vyote humfanya mtu awe mpokeaji. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu, na aweze kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Haikusema mahali pote isipokuwa baharini.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo manne, ili Mkutano uyapigie kura.

Kwanza, Mfuko wa Viti na Magongo usiguswe hata senti moja.

Pili, kiwekwe kisanduku kingine, cha hiari, kwa ajili ya mafunzo ya majini. Asiyetaka kuchangia asisumbuliwe.

Tatu, masomo ya bwawani yaendelee hapa hapa Nairobi mwaka mzima, yawe ya wazi kwa askari na raia, wanaume na wanawake. Atakayehitimu na kupata cheti cha daktari ndiye atakayefikiriwa kwenda pwani msimu wa kaskazi, tena iwapo atapatikana mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo. Asipopatikana, tutangoja. Ni afadhali kuchelewa kuliko kumrudisha mtoto wa watu akiwa maiti, nasi tukamthibitishia mzee wetu hofu yake.

Nne, jina la Kamati yetu libadilishwe. Sisi tunaitwa Kamati ya Wasiojiweza. Baada ya yale tuliyoyaona bwawani, tunaona haya kuliandika jina hilo juu ya taarifa hii, ingawa tumeliandika kwa kuwa ndilo lililo katika Kanuni. Tumewauliza wenyewe wapendekeze jina jingine, nao wamesema watalileta wakipewa viti katika Kamati. Hilo nalo ni la Mkutano kuamua.

Mwisho, tulimwendea tena yule mzee aliyetutajia meli, tukamsomea taarifa hii yote kabla ya kuileta hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama huyo askari huwa amefungwa kamba ashukapo chini. Tulimweleza ya kwamba hafungwi, bali ana mwenzake ubavuni asiyemwacha, naye mwenzake akiishiwa hewa, hugawana naye hewa ya mtungi mmoja. Mzee akasema, kama ni hivyo, ametoa ruhusa yake, na akatoa mchango wa kwanza wa kisanduku. Tumeukabidhi kwa Mweka Hazina, na risiti yake ni namba moja.